Panya wa Simu Walipata Kansa, Je na Sisi?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina mimba ya miezi sita na kila nikijilaza naweka simu juu ya tumbo naangalia video mpaka usingizi unanipitia. Sasa wifi yangu kanitumia sauti WhatsApp, eti Wamarekani walipima panya na mionzi ya simu wakapata kansa ya moyo na ubongo, na mtoto wa tumboni ndo anaumia zaidi. Sijalala. Ni kweli au ni zile za kusambazwa tu?
Mama Kijacho

JIBU: Marahaba binti yangu, futa machozi kwanza. Utafiti upo, hakuna aliyeutunga, ila wifi yako kapewa kipande tu. Uliufanya mpango wa taifa wa Marekani wa kuchunguza sumu, NTP, ukachukua zaidi ya miaka kumi na kula kama dola milioni 30, ripoti za mwisho zikatoka Novemba 2018.

Sasa angalia hao panya waliishije. Waliwekwa kwenye vyumba maalum, mionzi inawapiga mwili mzima kutoka kila upande, inawaka dakika kumi inazima dakika kumi, ukijumlisha ni kama saa tisa kwa siku, kila siku, kwa miaka miwili, ambayo kwa panya ni karibu maisha yote. Walitumia aina mbili, panya wakubwa (rats) na panya wadogo wa ndani (mice), na ndiyo, wale wakubwa walianza kupigwa wakiwa bado tumboni mwa mama zao. Dozi ndogo kabisa waliyopewa ilikuwa sawa na kiwango cha juu ambacho sheria ya Marekani inaruhusu simu ikupige sehemu moja tu ya mwili, na dozi kubwa ilikuwa mara nne ya hapo. Wewe na hiyo simu yako hamfiki huko.

Matokeo: kwa panya wakubwa, madume waliopata dozi ya juu, watano au sita kati ya 90 walipata shwanoma ya moyo, yaani uvimbe wa kansa unaoanzia kwenye seli zinazofunika neva, na wale wasiopigwa mionzi hakuna hata mmoja. NTP wakasema hapo ushahidi uko wazi. Kwenye ubongo walisema upo ushahidi kiasi, haujafikia wazi. Kwa majike wao na kwa ile aina ya panya wadogo mambo hayakueleweka. Mimi siwezi kuudharau utafiti huu, maana seli zinazofanana na hizo ndo zinazoota uvimbe kwenye neva ya kusikia kwa binadamu, na sikio ndo tunapoweka simu.

Ila kuna jambo ambalo kwenye sauti za WhatsApp halitajwi kabisa: madume waliopigwa mionzi waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakupigwa! Katika wale wasiopigwa, chini ya theluthi moja ndo walifika mwisho wa utafiti. Sasa kama hao walikufa mapema, huenda hawakupata muda wa kuota uvimbe wa uzeeni, na kulinganisha kunakuwa kugumu. Hiyo ni sababu mojawapo ya wataalamu kubishana mpaka leo, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikataa kuyahamishia matokeo hayo kwa watu moja kwa moja.

Kuhusu mtoto, vichanga vya panya waliopigwa mionzi vilizaliwa na uzito pungufu kidogo, baadaye vikakua kawaida. Na kwa binadamu, mapitio makubwa yaliyoagizwa na WHO, yaliyotoka 2024, yalipitia tafiti 63 na hayakuona uhusiano wa simu na kansa ya ubongo.

Hata hivyo hiyo simu itoe tumboni, haikugharimu kitu. Iegemeze kwenye mto mbali kidogo, umbali hupunguza mionzi haraka sana. Ukitaka zaidi ya hapo, pakua video mapema, weka simu kwenye hali ya ndege (airplane mode) na uhakikishe Wi-Fi na Bluetooth zimezimwa, hapo simu hairushi chochote.

SWALI: Dokta habari, kuna mnara wa simu nyuma ya nyumba yangu. Nihame?
Baba wa Watatu

JIBU: Usihame kaka. Taasisi ya Ramazzini ya Italia nayo ilitoa matokeo 2018, panya 2,448 walipigwa mionzi ya mfano wa mnara hadi saa 19 kwa siku maisha yao yote, na shwanoma za moyo ziliongezeka kwa madume wa kiwango cha juu peke yake, ambacho kinakaribia ukomo wa kimataifa wa kulinda watu. Kwenye nyumba za kawaida mionzi ya mnara huwa chini mno ya hapo. Halafu simu ikiwa na netiweki nzuri haihitaji nguvu nyingi, inayojikakamua ni ile yenye kijistari kimoja, na hiyo ndo unaibandika sikioni.