Kajaza Mwili, Basi Ni Steroidi? Maswali Yenu Kuhusu Dawa Kwenye Soka

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Mimi na kaka yangu imebaki kidogo tununiane. Kuna mchezaji wa timu tunayoshabikia alikaa nje miezi kibao kwa sababu ya goti, sasa karudi kifua kimejaa, mikono mpaka jezi inambana, kaka anasema huyo ni steroidi tu, zile dawa za kujaza misuli, hakuna mjadala. Nikimuuliza ushahidi uko wapi ananijibu ushahidi ni macho yangu. Nani yuko sahihi hapa?
*Dada Mbishi*

JIBU: Dada, wewe ndio uko sahihi, ila kaka yako naye usimtukane maana wanaofikiri kama yeye ni wengi na wana sababu zao, nitafika huko.

Kwanza hilo la goti. Mchezaji akiumia goti hakimbii, na mchezaji asiye kipa kwa mechi moja anakimbia kama kilomita 10 mpaka 12, sasa hiyo kazi yote imesimama, ila mikono na mabega viko salama kwahiyo anashinda jimu na mwalimu wa viungo pembeni, mtu wa lishe anampangia kila anachokula, na hana mechi ya katikati ya wiki ya kumchosha. Kijana wa miaka 20 na kitu akipewa maisha hayo kwa miezi kadhaa lazima ajaze, wala haihitaji sindano. Mnakumbuka 2020 ligi ziliposimama kwa ajili ya korona, Leon Goretzka wa Bayern Munich akarudi mpana mpaka watu wakadhani ni mtu mwingine, picha zikazunguka dunia nzima na maneno yakawa mengi. Hajawahi kukutwa na kosa lolote la dawa. Adama Traoré naye ndio usiseme, mwenyewe kasema mara kibao kwamba vyuma hanyanyui, mwili wake ndivyo ulivyo, na yale mafuta anayopakwa mikononi kabla ya mechi ni ili mabeki wasimshike kirahisi maana bega lake limeshawahi kuteguka. Watu wanaona mikono inang'aa wanamaliza kesi palepale.

Sasa muulize kaka yako hivi: wale waliokamatwa kweli, nani aliwatambua kwa macho? Maradona kwenye Kombe la Dunia 1994 kule Marekani alikutwa na efedrini baada ya mechi na Nigeria, hiyo ni dawa ya kuchangamsha mwili, haijazi misuli hata kidogo. Paul Pogba alipimwa baada ya mechi ya Udinese na Juventus Agosti 2023 ikaonekana testosteroni, homoni ya kiume inayojenga misuli, isiyotoka mwilini mwake, je kuna mtu alikuwa anamtazama siku zile akasema mbona huyu kafura? Hakuna, alikuwa anaonekana mtu wa majeraha tu. Kwahiyo jicho linakosea kotekote, linamtia hatiani asiyetumia na linampita aliyetumia.

Ila nilisema kaka yako ana sababu, na hapa naomba mashabiki wenzangu tuwe wakweli. Mwaka 1998 kocha Zdeněk Zeman alisema hadharani kwamba soka la Italia litoke kwenye maduka ya dawa, akagusia mpaka miili ya waliochezea Juventus akina Vialli na Del Piero, wakamjia juu kweli. Del Piero na Vialli hawakukutwa na chochote na hilo lazima lisemwe wazi. Lakini uchunguzi ulioanza baada ya maneno yale ukafichua kwamba maabara ya Roma iliyokuwa inapima mikojo ya wachezaji ilikuwa haitafuti hizo steroidi kwenye sampuli za soka! Yaani mkojo unachukuliwa, unapelekwa, majibu yanatoka safi, na kitu chenyewe hakijatafutwa. Maabara ikafungwa na rais wa kamati ya olimpiki ya Italia akajiuzulu. Mimi hiyo ndio shaka ninayoiheshimu, ile inayouliza nani anapima, anapima nini, na mara ngapi. Shaka ya kumtazama mtu kifua haijawahi kusafisha mchezo wowote.

SWALI: Hivi mkojo wanaoutoa wachezaji hauwezi kubadilishwa? Klabu zina hela, daktari wa timu anashindwaje kuweka wa mtu mwingine?
*Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Ndugu yangu ngoja nikueleze inavyokwenda maana ukiijua utaona ugumu wake. Filimbi ya mwisho ikilia mchezaji aliyechaguliwa anafuatwa na mtu maalumu, kuanzia hapo hamwachi hata kidogo mpaka chumba cha kupimia. Anachagua mwenyewe chombo kati ya kadhaa vilivyofungwa. Halafu anaingia chooni na ofisa wa jinsia yake ambaye anasimama anaangalia, tena jezi imepandishwa mpaka kifuani, bukta imeshushwa mpaka magotini, mikono iko wazi, kwa sababu zamani kuna wanamichezo walikuwa wanaficha vimfuko vya mkojo na mirija mwilini. Unahitajika angalau mililita 90, na mtu aliyetoka jasho dakika 90 mwili umekauka, wengine wanakaa mle saa nzima na zaidi wanakunywa maji huku wenzao wameshapanda basi. Ukipatikana unagawanywa kwenye chupa A na B, mchezaji anazifunga mwenyewe, vifuniko vimetengenezwa visifunguke bila kuvunjwa, na vinakwenda maabara vikiwa na namba bila jina. A ikiwa na tatizo mchezaji ana haki ya kutaka B ifunguliwe mwakilishi wake akiwepo. Sampuli zinaweza kutunzwa mpaka miaka 10, kipimo kipya kikigunduliwa zinarudiwa.

Na kuhusu testosteroni, kila mtu anayo, kwahiyo maabara hawaangalii tu kama ipo, wanaangalia kaboni yake. Ya kiwandani hutengenezwa kutoka kwenye mimea, na kaboni yake haifanani na ile ambayo mwili unatengeneza wenyewe.

Mwanya mkubwa kwa mtazamo wangu ni mtu kutopimwa kabisa siku ambayo dawa ipo mwilini. Ndio maana kukwepa kipimo kunaadhibiwa vikali. Rio Ferdinand mwaka 2003 aliondoka mazoezini Manchester United bila kupimwa, akafungiwa miezi 8 na Euro 2004 ikampita.

SWALI: Mbona kila anayekamatwa anasema alikunywa dawa za mke wake? Mimi naona ni uongo wa kufundishwa.
*Mama wa Wawili, shabiki pia*

JIBU: Mama, nakuelewa, hata mimi nikisikia naanza kukunja uso. Kolo Touré 2011 alisema ni vidonge vya mke wake vya kupunguza uzito, akala miezi 6. André Onana alipokuwa Ajax alikutwa na furosemidi, dawa ya kukojoza, akasema alichanganya na dawa ya mke wake. UEFA, wasimamizi wa soka la Ulaya, walimwamini kabisa kwamba hakukusudia kudanganya, bado wakamfungia miezi 12, mahakama ya michezo CAS ikapunguza mpaka 9. Unaona hapo? Sheria inasema kilichomo mwilini mwako ni chako, hata kama kimeingia kwa bahati mbaya, kusudi linaangaliwa kwenye urefu wa adhabu. Na dawa za kukojoza zinakatazwa kwa sababu zinaweza kutumika kuuzimua mkojo ili dawa nyingine isionekane. Pogba naye alipewa miaka 4, CAS wakakubali hakukusudia, kilikuwa kirutubisho alichopewa na daktari, ikashuka mpaka miezi 18, ila walimwambia alitakiwa kuwa makini zaidi.

Ila kabla hujawaita wote waongo msome Mamadou Sakho. Aprili 2016 akiwa Liverpool vipimo vilionyesha dawa ya kuchoma mafuta iitwayo higenamini, akasimamishwa, fainali ya Europa League ikampita, Euro iliyochezwa kwao Ufaransa ikampita. Julai UEFA wakafuta kesi, dawa yenyewe haikuwa imetajwa kwenye orodha ya zilizokatazwa! WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, waliendelea kumsema kwenye vyombo vya habari mpaka akawapeleka mahakamani London, na 2020 wakamwomba radhi na kumlipa fidia. Fainali ile na Euro ile nani atamrudishia? Pep Guardiola, huyu kocha maarufu, hivyohivyo, alifungiwa 2001 akiwa mchezaji wa Brescia ya Italia kwa nandroloni, aina ya steroidi, akapambana mpaka 2009 ndio jina likasafishwa moja kwa moja. Watu wengi wanakumbuka kufungiwa tu, kusafishwa hawajasikia, na hiyo inaniuma sana.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 17 nacheza winga. Jamaa mmoja wa jimu ananiambia mastaa wote wanatumia, nisipotumia sitoboi, na ameshanipa vidonge nikavitumia wiki mbili. Nimeanza kuota chunusi nyingi mgongoni na chuchu zinauma. Nifanyeje?
*Winga*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na umefanya vizuri mno kuandika. Acha hivyo vidonge leo. Chunusi za ghafla mgongoni na chuchu kuuma ni dalili zinazojulikana za steroidi, na kwa umri wako kuna kubwa zaidi, mifupa bado inakua na hizi dawa zinaweza kufunga ukuaji ukabaki na urefu ulionao. Korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, mafuta ya damu yanaharibika, moyo unaweza kutanuka, na za vidonge ndio zinalisumbua ini zaidi. Huyo jamaa hajui mastaa wanatumia nini, anajua anauza nini.

Na hata kama ungekuwa huogopi magonjwa, ukipimwa ukakutwa na steroidi adhabu inaweza kufika miaka 4, ukirudi una 21 na wenzako wameshasajiliwa.

Nenda hospitali wiki hii, beba kopo au pakiti ya hivyo vidonge usione aibu, mwambie daktari umevitumia muda gani, omba wakupime ini, presha na homoni. Mzazi au mlezi mmoja unayemwamini mwambie aende na wewe. Kocha mwambie pia, maana kama huyo jamaa kakufuata wewe, kuna wenzako kwenye timu ameshawafuata. Na macho yakigeuka njano, kifua kikibana au pumzi ikakata, usisubiri hiyo siku ya miadi, wahi siku hiyohiyo.