Redio za upepo za mkononi: anzia kwenye antena na betri

Ukikabidhiwa jukumu la redio za upepo za walinzi au za hoteli, usinunue kwa kuangalia wati. Nyingi za mkononi hutoa wati 4 au 5, na ukipanda hadi 10 umbali hauongezeki maradufu, kwa sababu kinachozuia mawimbi ni kuta, vilima na mviringo wa dunia. Katikati ya maghorofa, kilomita moja au mbili ndiyo hali halisi, hata kama boksi limeandikwa 20.

Kinachohitaji uamuzi ni bendi, yaani kundi la masafa ya mawimbi ambayo redio hutumia. VHF (136 hadi 174 MHz) hufaa shambani na mbugani. UHF (400 hadi 470 MHz) hufanya vizuri zaidi ndani ya majengo na kwenye ngazi. Kwa boti chukua redio ya VHF ya baharini, yenye chaneli 16 ya dharura. Kibali cha masafa, kutoka TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, kiombwe kabla ya kulipia mzigo.

Kwenye antena ndiko wageni wengi wanakoharibu. Ya VHF na ya UHF mara nyingi huingia kwenye skrubu ileile, lakini ukizibadilisha, sehemu kubwa ya nguvu hurudi ndani ya redio: sauti haifiki, na transmita (sehemu inayorusha mawimbi) hupata moto. Bila antena kabisa, usibonyeze kitufe cha kuongea hata kwa majaribio. Kataza pia watu kuibeba redio kwa kushika antena, maana waya wa ndani hukatika huku mpira wa nje ukionekana mzima. Redio inayosikia kwa shida ifungie kwanza antena nyingine nzima ya bendi hiyohiyo. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Saa za betri zinazotajwa na watengenezaji huhesabiwa hivi: asilimia 5 kuongea, 5 kusikiliza, 90 kimya. Kuongea ndiko kunakokula chaji, kwa hiyo mlinzi wa getini huimaliza kabla ya zamu kwisha. Nunua betri mbili kwa kila redio, uziandike namba na tarehe ya kuanza kutumika. Zima redio inapochajiwa, na chaja isikae dirishani penye jua. Betri ya lithiamu inayowekwa stoo ibaki na nusu ya chaji. Ikikaa miezi tupu, huenda isiamke tena.

Betri ikigoma kuchaji, angalia vibati vya shaba vinavyogusana na chaja kabla ya kuilaumu. Vifute kwa pamba na alkoholi ya isopropili, kamwe si kwa msasa, kwani msasa huondoa ule utando unaozuia kutu. Pwani, ambako chumvi haina huruma, fanya hivyo kila wiki. Hata redio ya kiwango cha IP67, cha kuzuia vumbi na maji, huingiza maji kifuniko cha soketi ya pembeni kikipotea.

Soketi hiyo ndiyo ya kifaa cha sikioni. Plagi isipoingia hadi mwisho, au ikilowa jasho, redio huanza kurusha mawimbi yenyewe na kuziba chaneli nzima, hakuna mwingine anayeweza kuongea. Mwambie fundi anayeingiza masafa aweke kikomo cha muda wa kurusha cha sekunde 60 kwenye kila redio, kisha kijaribu mwenyewe kwa kubonyeza kitufe bila kukiachia.