Jibu: Waridi la jangwani Syokimau, usichimbe hilo shimo

Dada wa Syokimau, mpigie fundi sasa hivi asije. Umeandika eti achimbe mashimo ya futi mbili, uyajaze samadi na mchanga, upande waridi la jangwani kabla masika hayajakolea, halafu umwagilie asubuhi na jioni kwa kuwa jua ni kali? Nani amekudanganya? Mimi nilidanganywa na muuza miche wa kando ya barabara: "Chimba kubwa, mbolea usiionee huruma, maji kila siku." Bila shaka! Miche ikifa si utarudi kununua mingine? Na nilirudi. Akanipokea kwa tabasamu.

Huo udongo wenu mweusi wa pamba kiangazi hupasuka mpaka unaweza kupotezea funguo kwenye nyufa, lakini mvua ikinyesha huvimba ukaziba, maji yakakosa njia. Ukichimba shimo humo, hata ulijaze mchanga safi namna gani, umezika karai. Maji ya kiwanja kizima yanaingia, hayana pa kutokea. Na mmea wenyewe ni wa nyika kavu za kina Tsavo, akiba yake ya maji iko kwenye kile kitako cha shina kilichovimba. Ukikalishwa kwenye matope huoza chini kwa chini, huku juu majani bado mabichi na mwenyewe unajisifu. Mimi nilishtuka nilipobonyeza kitako, kidole kikazama, yakatoka maji ya kahawia yanayonuka. Yote niliyopanda yalikuwa hivyo. Majirani niliwaambia ni mchwa.

Mafundi wa nyumba huuchota udongo huo kabla ya kumwaga msingi. Nyumba ya mawe inauogopa, sembuse ua?

Kwa hiyo usichimbe, inua! Panga mawe juu ya ardhi, kimo cha goti, jaza changarawe na mchanga wa mto, udongo mwekundu kidogo, samadi iliyooza kabisa konzi moja tu. Mwagilia udongo ukishakauka hadi ndani. Baridi ya Juni na Julai majani yakipukutika, funga mfereji. Mmea haujafa, umelala. Na ukiukata vaa glavu, utomvu wake ni sumu, watu waliupaka kwenye mishale.

Uliuliza pia kupogoa, na nini tena, maua mengi? Hayo tutaongea mmea ukiwa hai. Mawe unayo? Hata vipande vilivyobaki kwenye ujenzi vinafaa.