Tumbo kujaa baada ya sindano za uzazi: kwa mnaoanza kliniki

Dada aliyevunwa mayai Dar kwa matibabu ya ugumba akishuka basi Mbeya tumbo limejaa na anatapika, msimwanzishie dawa za vidonda vya tumbo: huenda ovari zake zimechochewa kupita kiasi, ugonjwa uitwao OHSS. Muulizeni tarehe ya sindano ya kukomaza mayai. Dalili zilizoanza ndani ya siku 9 baada yake zimeletwa na sindano yenyewe. Zikichelewa hadi siku ya 10 na kuendelea, mara nyingi mimba imeshika, na hapo ugonjwa huwa mkali na hukaa zaidi.

Mishipa midogo inavuja: maji yanahamia tumboni, damu inabaki nzito. Hematokriti (asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu) zaidi ya 45 ni hali kali, lakini ilinganisheni na ya kwake ya awali. Aliyekuwa na 30 kwa upungufu wa damu, akifika 39 ameshakuwa na damu nzito, ingawa karatasi ya maabara haitaonyesha kasoro. Kliniki iliyomtibu ina majibu ya zamani, pigeni simu.

Wengi wao hutibika wakitokea nyumbani, wakionwa kila baada ya siku 2 au 3. Apime uzito kila asubuhi kwa mizani ileile, mzingo wa tumbo usawa wa kitovu, na mkojo wote wa saa 24 kwenye jagi lenye vipimo. Mkojo ukipungua chini ya lita 1 aje siku hiyohiyo. Chini ya mililita 300 ni kulazwa. Anywe kwa kiu yake, bila kujilazimisha.

Maumivu ni parasetamol. Diklofenaki, ambayo kila duka la dawa linayo, inaweza kuumiza figo. Na Lasix, dawa ya kukojoza! Mkono wa daktari mgeni huiendea kwa sababu ya maji tumboni, kumbe inakausha damu ambayo tayari ni nzito. Hali ikiwa kali, enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 40 kwa siku chini ya ngozi. Ulizeni pia maumivu ya shingo na mkono kuvimba, maana damu hapa huganda hata sehemu za juu.

Akishindwa kupumua vizuri, maji yatolewe taratibu kwa kuongozwa na ultrasaundi, kwani ovari zimevimba na sindano ya kubahatisha huzitoboa. Maumivu ya ghafla upande mmoja yanaweza kuwa ovari iliyojisokota: huyo ni wa upasuaji.

Anayetoka Makete au Chunya alale kwa ndugu mjini. Wengi hawajasema kwao kuhusu matibabu haya, basi mpateni mtu mmoja anayejua, mwenye simu.