Bastola ya upepo ya Webley: usikimbilie mafuta

Kaka, hiyo Webley Senior uliyookota mnadani hapa Birmingham imerudi kwao kabisa, maana hizi bastola za upepo ziliundwa mjini humuhumu tangu 1924. Umesema inapiga kichovu, na fundi kakwambia umimine mafuta kwenye silinda uloweshe ngozi ya pistoni. Ngozi ipi? Pistoni yake ina ringi ya chuma. Ukijaza mafuta, hewa ikibanwa yanawaka: utasikia "pwaa!" na moshi utoke mdomoni, huku springi ikiumia.

Anza na washa, yaani kipete kidogo cha kuziba upepo, iliyopo nyuma ya mtutu. Weka kipande cha karatasi ya chooni juu ya kiungo, pale mtutu unapokutana na silinda, ufyatue bastola ikiwa na risasi ndani. Karatasi ikiruka, upepo unavujia hapo. Washa ni bei ya chai. Kufungua silinda mwachie anayejua, springi imebanwa mle.

Msasa usiguse! Rangi ya asili, hata iliyochakaa, ndiyo wakusanyaji wanayolipia. Na gololi za chuma zitakwangua mtutu. Tumia risasi laini za kawaida.