Jibu: Digrii ya usaidizi wa kisheria, au nianze na stashahada?

Mdogo wangu, nimekuelewa: una cheti cha kidato cha nne, unataka kuwasaidia watu wa kata yako kesi za mirathi na ardhi, na kuna mtu anakuuzia "digrii ya paralegali" (yaani ya msaidizi wa kisheria) ya haraka. Usimlipe hata shilingi kabla hujaona kozi hiyo kwenye orodha ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), au ya NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi) kama ni cheti au stashahada.

Kwa kazi unayoitaka, digrii si lazima. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ila sharti upate mafunzo yanayokubalika na usajiliwe. Nenda halmashauri yako, uulize taratibu za usajili. Mipaka ya kazi hiyo ujue mapema: humsimamii mtu mahakamani kama wakili, na hutozi ada. Maana yake utahitaji kipato kingine. Wengi hawaambiwi hilo.

Ukitaka ajira, mimi ningeanzia cheti, kisha stashahada ya sheria. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kinafundisha zote mbili, na watu wake unawakuta masjala za mahakama. Ufaulu ukiwa mzuri, stashahada inaweza kukufikisha shahada. Uwakili ni safari nyingine: shahada ya sheria, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania), halafu kuapishwa.

Kiingereza kifanyie kazi sasa, maana vitabu vingi vya sheria vimeandikwa kwa lugha hiyo. Na kama tayari umeshalipa, tunza risiti, uripoti polisi.