Jibu: Baba kundi A, mama kundi B, mtoto O. Inawezekana?

Inawezekana kabisa ndugu, usianze kumshuku mtu. Kila mzazi ana nakala mbili za jeni ya kundi la damu, ila mtoto hupewa moja tu kutoka kwa kila mmoja. Mwenye kundi A anaweza kuwa AA au AO, na wa B vivyo hivyo BB au BO; hiyo O hujificha kwa sababu haiweki alama ya A wala B kwenye seli nyekundu, hivyo kipimo cha kawaida hakiioni. Baba akiwa AO na mama BO, mtoto huwa O akipewa O na wote wawili, na nafasi ya hilo ni 1 kati ya 4. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba, si kwamba katika watoto wanne lazima mmoja awe O! Cha kushangaza ni mzazi wa AB, ambaye hana O ya kutoa, kupata mtoto wa O, na hata hapo rudieni kipimo kwanza. Vighairi adimu vipo.